Yule fundi kafanya tena: kaua twita za spika za JBL L100 kwa kapasita ya TV!

Bass Haibishi: Wakuu, jina silitaji, mnamjua. Yule mwenye meza, pasi ya kulehemu na mdomo.

Kazi yenyewe nyepesi hadi aibu. L100 Century ina wufa ya besi, midi ya sauti za kati na twita ya sauti za juu. Wufa yake haina koili ya kuzuia sauti za juu, inakula moja kwa moja kutoka teminali. Kapasita ni mbili tu: 8 µF (maikrofaradi, kipimo cha kapasita) ya midi, 3 µF ya twita. Kaandikiwa kwenye karatasi: toboa, ongeza jozi moja ya teminali, wufa ikae jozi ya chini, midi na twita jozi ya juu, kila jozi ipate ampu yake. Kapasita weka za filimu, volti 100 kwenda juu, thamani ZILEZILE.

Kafungua boksi, kakosa koili ya wufa, akatangaza kuwa fundi aliyemtangulia kaiba. Kaibaje kitu ambacho kiwanda hakikuweka?

Halafu ndo akafanya lile. Kang'oa 3 µF, kachomeka 33. Elektrolitiki ya chanya na hasi, imechunwa kwenye TV mbovu. Kuulizwa anajibu: "Kapasita kubwa, sauti kubwa."

Kapasita kubwa, sauti kubwa! Kwa ohm 8, 3 µF inaanza kupitisha sauti karibu 6,600 Hz. 33 µF inaanzia 600! Kitwita kinabebeshwa kazi ya trombone. Koili ya sauti (waya mwembamba ndani ya twita) imekuwa mkaa, pande zote mbili, na bili kaleta.

Ohm Nane: Uzi bila picha ya hiyo kapasita ni majungu.

Waya Mwekundu: Pole mkuu, ila na wewe. Mtu anasoma namba za kapasita kama bei ya nyanya, unamwachia L100? 3 µF huipati dukani, funga mbili za 1.5 sambamba. 8 ni 6.8 na 1.2 sambamba. Dakika kumi.

Na hukupima kabla ya kuwasha? Multimita kwenye ohm: jozi ya chini isome kama 6, hiyo ni wufa. Jozi ya juu ipande hadi isisome kitu, maana kapasita zinazuia DC (umeme wa betri). Ikiganda kwenye ohm chache, kuna kapasita imeshoti au waya umepita bila kapasita. Mwisho nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi: zisiguse popote. Zikigusana, ampu moja inasukuma umeme ndani ya mwenzake, transista zinaondoka kabla ya wimbo.

Bass Haibishi: Nyekundu zilikuwa zimeunganishwa pia, kaacha waya wa zamani. Hilo nimesamehe. Lakini KAPASITA KUBWA, SAUTI KUBWA? Mtu mzima?

Kimya Kingi: Mnalia na twita wakati ampu mbili zenyewe hazina maana. Krosova (hizo kapasita zinazogawa sauti) ikibaki ndani ya boksi, kila ampu bado inakuza wimbo mzima, nguvu ya juu haijawa mara mbili. Na kama moja ina geini (ukuzaji) ya dB 26 na nyingine 29, besi na juu hazitalingana hadi uweke kipunguzi cha sauti. Fedha hiyo kasafishe vile vitufe viwili vya mbele kwa dawa ya swichi, vikishika kutu midi inakuja na kuondoka.

Waya Mwekundu: @Kimya Kingi umeanza.

Mama Twita: Wa kwenu afadhali. Kuna mwingine (mnamjua pia) kapima wufa ya JBL kwa betri ya volti 1.5, koni ikaingia ndani badala ya kutoka. Akasema imefungwa kinyume, akageuza waya za wufa peke yake. JBL za zamani ndivyo zilivyo, chanya kwenye nyekundu koni inaingia! Sasa wufa na midi zinavutana pale zinapokutana, sauti ya mwimbaji ina shimo.

Ohm Nane: Yangu ndiyo funga kazi: fundi wangu kakata ukingo wa kitambaa wa wufa kama hiyohiyo, ukingo mzima kabisa, kabandika wa foam (sponji). Kwa gundi ya viatu.

Bass Haibishi: Jamani uzi ni wa kapasita.

Mzee Sabufa: Nyie na JBL zenu za makumbusho. Nina sabufa ya PMPO (wati za kwenye tangazo) 12,000, haijawahi kuona fundi.

Kimya Kingi: @Mzee Sabufa geuza nyuma, fyuzi inasema ampea ngapi?

Mzee Sabufa: 1A.

Kimya Kingi: Volti 230 kwa ampea 1 ni wati 230. Hizo 11,770 zinatoka kwa mganga gani?

Mama Twita: 😂😂😂

Ohm Nane: Anayeweza kutengeneza ile wufa yangu ya gundi ya viatu anicheki PM.