Nimetolewa kwaya kwa picha ya futari, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza

Wadau, leo nasema. Na msije hapa na "tulia dada, muachie Mungu", nishayasikia hayo ya kutosha.

Ramadhani iliyopita niliweka picha stetasi: mimi na mama tumekaa mkekani kwa jirani, mbele yetu mihogo ya nazi, tambi na uji. Chini nikaandika: "Mama alipolazwa Mnazi Mmoja, waliokuja kila siku ni hawa. Kanisani tulisomwa kwenye matangazo tu." Basi. Hakuna tusi, hakuna jina la mtu.

Isha haijaadhiniwa, skrinishoti ishafika kundi la kwaya, kundi la akina mama, mpaka kwa watu wa Dar nisiowajua. Mmoja kasema nimesilimu. Mwengine ati nalichafua kanisa mbele ya Waislamu. Admini, mtu niliyeimba naye sauti ya pili tangu usichana wetu, kanitoa kundini bila hata kunibipu. Jumapili nafika, nafasi yangu ina mtu, mwalimu wa kwaya anaangalia dari.

Hivi Mathayo 18:15 mmeifuta? "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Asiposikia, ndio uende na mmoja au wawili. Kanisa linaambiwa mwisho kabisa. Nyie mmeanza na kanisa, tena na la ng'ambo ya bahari, na kwangu hamjafika mpaka leo.

Halafu hili la kula kwa Waislamu. Mimi mtu wa Mbweni ya hapa Unguja, ukoo wa Misheni. Wazee wetu walitolewa kwenye majahazi ya watumwa, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA wakawaweka pale miaka ya 1870. Tangu hapo tunaombana chumvi na Waislamu, tunazikana. Hata saa ya mnara wa kanisa letu kuu la Mkunazini, mnaopiga nao picha kila Pasaka, ilitolewa na Sayyid Barghash, sultani Mwislamu. Kanisa lilisilimu? Krismasi sahani zangu zinakwenda kwa jirani huyo huyo, na msikitini kwao sijasikia mtu kumwambia ameritadi.

Najua wapo wenye hofu ya kweli. Padri Evarist Mushi aliuliwa hapa hapa Unguja Februari 2013, na kidonda kile hakijapona. Lakini jirani yangu ana lipi katika hayo? Wiki ile yeye ndiye aliyekuwa akija kulala kwetu, kwa vile mama alikuwa anaogopa.

Linaloniunguza zaidi ni jumbe za pembeni. "Dada umesema kweli, ila usinitaje." Huyo huyo, nimeona kwa macho yangu, kaweka kopa chini ya maneno ya aliyeniita msaliti! Kila alfajiri anatutumia aya na picha ya mawaridi. Mnachotaka ni ushuhuda uliokwisha kupikwa: niliugua, nikaombewa, nikapona, Bwana asifiwe. Zile usiku ulizokaa na mgonjwa peke yako, na simu ya mzee wa kanisa haipokelewi, umeze. Ukitema, wewe ndiye adui.

Sasa naambiwa nifute, niombe radhi kundini, ndio nirudishwe. Radhi ya nini? Katika maneno yote niliyotukanwa, hakuna hata mtu mmoja aliyesema nilichoandika ni uongo. Someni tena hapo. Hakuna.

Sifuti. Padri akitaka kuzungumza, Mbweni anapajua, chai ipo. Na wewe mtunza hazina unayenisumbua kila siku nirudishe joho la kwaya: kitambaa nilinunua mimi Darajani, fundi nililipa mimi. Ukituma ujumbe mwengine nalikata foronya.