Sketi za shule kwa watoto wa kike: tupeane uzoefu, nyie mlipitia nini?

Habari zenu wakuu. Binti yangu yuko form one huku Njombe, na wanaopajua wanajua mwezi wa sita na wa saba baridi yake sio ya utani. Juzi karudi analia. Alivaa taiti nyeusi ndani ya sketi, mwalimu wa zamu kamtoa mstarini akamvulisha eti sio sare, na wavulana wa darasa lake wamesimama hapohapo na suruali zao. Magoti yamepauka mpaka yanachanika, nimempaka mafuta nikakosa la kumwambia. Mi naona anayetaka suruali aruhusiwe tu. Kabla sijaenda kwenye kikao cha wazazi nataka niwasikie.

#2
Pole sana mama. Mi yangu ilikuwa hedhi. Form two, sketi ya kijivu, nimeanza kipindi cha tatu nikakaa kwenye benchi mpaka kengele ya mwisho, mwalimu wa hesabu ananiita ubaoni nasema sijui na jibu ninalo, nikala viboko viwili. Rafiki yangu akanifunga sweta kiunoni tukatoka yeye nyuma yangu. Pedi zenyewe ni vipande vya kanga. 2018 walivyotoa VAT kwenye taulo za kike nilishangilia, 2019 ikarudi, na duka la mtaani kwangu bei haikuwahi kushuka.

#3
Mwanaume hapa, Makete. Primary wote tuliumia, sisi na kaptula mpaka la saba. Ila sekondari mi nikapata suruali dada akabaki na sketi. Nyumbani kulikuwa na baiskeli moja ya mzee, ile yenye bomba juu, na sketi hawezi kupanda bila kujifunua, basi mi naendesha yeye anatembea shule ileile, anafika kachelewa anachapwa. Miaka minne. Sikuwahi hata kuwaza kumwachia suruali yangu.

#4
Wanangu Dar wanavaa hijabu na suruali ndani ya sketi, hakuna anayewagusa. Kwahiyo inawezekana.

Mleta mada
Asanteni jamani. Kikao ni Jumamosi. #3 hiyo ya baiskeli naomba niisemee pale, jina lako sitalitaja.