Maandishi kwenye picha za Shirin Neshat ni Kurani?

mtotowatanga: Wadau, zile picha nyeusi na nyeupe za Shirin Neshat, yule Muirani, wanawake wamejitanda na bunduki mkononi, usoni maandishi kibao, ni aya za Kurani au?

bi_hina: Hapana mwanangu, ni Kiajemi, mengine mashairi ya Forough Farrokhzad, mshairi wa kike wa Irani. Wazungu wakiona tu herufi za Kiarabu washasema Kurani, na sisi pia kumbe hahaha. Neshat alizitoa picha hizo 1993 mpaka 1997, anaishi Marekani.

kaka_mjomba: Mcheki na Lalla Essaydi, mpiga picha wa Moroko, yeye anaandika kwa hina, kwenye ngozi, nguo mpaka ukutani, khati, yaani uandishi wa mapambo wa Kiarabu, ilikuwa ya wanaume kaitia kwenye hina ya kinamama. Mi nilidhani maua ya harusi tu.

mtotowatanga: Duh, shukran bi mkubwa. Bunduki ndo ilinipoteza.