Nodi za XML ndani ya kwiri: kuunga matini, XMLELEMENT au FOR XML PATH?

fundi_jedwali: Habari wakuu. Nina jedwali la wateja na la oda. Kwa kwiri moja (swali la SQL kwa hifadhidata), kila mteja natakiwa kumtoa kama nodi moja (kipande chenye lebo zake) ya XML, yaani maandishi ya kubadilishana data, oda zake zikiwa ndani yake. Nilianza kwa kuunga matini: `'<mteja>' || jina || '</mteja>'`. Ikaenda vizuri hadi akaja mteja mwenye & kwenye jina, mfumo unaopokea ukalikataa faili lote. Nishike njia ipi?

mama_kwiri: Achana na kuunga matini kabisa, mkuu. Hiyo & umeiona kwa sababu imepiga kelele. Sasa safu ya simu ikiwa NULL (haina thamani), `||` ya kuunga, kwenye hifadhidata nyingi, inageuza mstari mzima kuwa NULL: mteja anapotea kimya kimya. Tumia XMLELEMENT, inayounda nodi yenyewe. Fanya hivi:

```
SELECT XMLELEMENT(NAME mteja,
  XMLATTRIBUTES(m.id AS namba),
  XMLFOREST(m.jina, m.simu),
  (SELECT XMLAGG(XMLELEMENT(NAME oda, o.bidhaa)
     ORDER BY o.tarehe)
   FROM oda o WHERE o.mteja_id = m.id))
FROM wateja m;
```

& itageuzwa kuwa `&amp;` bila wewe kuigusa. XMLFOREST huiruka safu yenye NULL, ila XMLELEMENT huacha nodi tupu, `<simu/>`. Muulize anayepokea anataka ipi kabla hujachagua.

safu_kwa_safu: Hizo XMLELEMENT na wenzake ni za kiwango cha SQL tangu 2003, lakini SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, haina XMLELEMENT. Huko ni `FOR XML PATH('mteja')`, na safu ukiiita `'@namba'` inakuwa atributi (sifa ndani ya lebo ya nodi). Mimi naipenda zaidi, maana umbo la XML unalisoma kwenye majina ya safu tu. Angalia mawili: atributi zitangulie elementi (nodi za ndani), na kwiri ya ndani uimalizie kwa `TYPE`. Niliwahi kuisahau, oda zote zikatoka kama maandishi, `&lt;oda&gt;`, nikahangaika siku nzima.

mama_kwiri: Hapo kwenye kusomeka nakuunga mkono. Kwa anayehama kati ya hifadhidata za Oracle na PostgreSQL: jina `Mteja` lisilo na nukuu, Oracle hulitoa `MTEJA`, PostgreSQL hulitoa `mteja`. Kwa XML hizo ni nodi mbili tofauti. Andika `"Mteja"`, umalize.

fundi_jedwali: Nipo PostgreSQL. Nimejaribu na yule mteja wa &, katoka salama. Hata asiye na oda katoka, nodi yake haina oda ndani basi. Anayepokea anataka `<simu/>` ionekane, kwa hiyo simu naitoa kwenye XMLFOREST naipa XMLELEMENT yake. Asanteni sana.