Tupeane uzoefu: sabuni ya kufulia yenye harufu nyepesi, isiyoharibu udongo, na inayotakatisha kwa maji ya Dodoma

Karai la Nzuguni

Habari za jioni wanajamvi. Anayehamia Dodoma hachukui miezi mingi kabla ya kuuliza: mbona mashati meupe ya watoto yanafubaa na taulo zimekuwa ngumu kama gunzi, wakati sabuni ni ileile aliyokuwa akifulia Morogoro? Kabla hamjaanza kutajiana sabuni, tuzungumzie bomba kwanza. Maji yetu kwa sehemu kubwa ni ya chini ya ardhi, yanatoka visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na wengine wana visima vyao uani. Ni maji magumu, yaani yana madini ya kalisi na magnesi. Sabuni ya mche au ya kipande, iliyopikwa kwa mafuta na kostiki, ikikutana na kalisi inaganda na kuwa utando usioyeyuka. Ndio ule mduara wa kijivu kwenye karai. Kwenye shati unakaa vilevile, ila hauuoni mpaka miezi ipite.

Kipimo cha nyumbani: chupa safi ya plastiki ya nusu lita, maji hadi katikati, sabuni ya mche iliyokwanguliwa nusu kijiko cha chai. Tikisa sekunde 20, weka mezani dakika 5. Povu likibaki limesimama, maji ni laini. Likifa na chini ukaona vipande kama maziwa yaliyokatika, maji ni magumu. Rudia kwa maji ya mvua uliyokinga ili upate cha kulinganishia.

Na tusichanganye mambo mawili. Mitaani tunasema "maji ya chumvi" kwa yote, lakini chumvi ya kulia ugali ni kitu kingine na ugumu ni kingine. Ugumu unaondoleka kwa soda ashi au sitreti (inayotokana na asidi ya sitriki). Chumvi haiondoki kwa sabuni yoyote.

Tupeane uzoefu, ila sharti ni moja: leta vipimo. "Ni nzuri sana" haimsaidii mtu.

Dobi wa Majengo

Nianze na kusoma pakiti, maana jani la kijani lililochorwa mbele halina uzito wowote. Geuza nyuma. Ukikuta nembo ya ubora ya TBS, umejua tu kwamba bidhaa imefikia kiwango cha chini. Haikwambii lolote kuhusu udongo wako. Angalia orodha.

Kinachotoa uchafu ni viyeyusha mafuta. Vya kawaida kwenye sabuni ya unga ni vya jamii ya salfoneti, kifupi chake LAS. Hii inaoza vizuri penye hewa, kwa mfano kwenye udongo wa juu au bwawa lenye hewa. Kwenye shimo la choo lisilo na hewa haiozi. Kwa hiyo neno "inaoza" linategemea maji yako yanaishia wapi. Jamii ya glukosidi, inayotengenezwa kwa sukari ya wanga na mafuta ya nazi au mawese, inaoza kote kuwili, haiwashi ngozi, na inavumilia maji magumu. Povu lake ni la wastani, ndiyo maana wengi huidhania dhaifu. Povu si usafi, jamani. Kuna viwanda vinaongeza povu makusudi kwa sababu mteja anafua kwa macho.

Cha pili ni kinachoshika kalisi. Fosfeti inaishika vizuri sana, ila ni mbolea: ikifika bwawani mwani unashamiri, ukifa unaoza na kumaliza hewa ya samaki. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye sabuni za kufulia za majumbani tangu katikati ya 2013. Badala yake tafuta sitreti au zeolaiti. Soda ashi nayo inafanya kazi, lakini haiishiki kalisi. Inaigeuza chokaa. Ukifua humohumo bila kuacha itulie, chokaa inakaa kwenye nguo. Sabuni za unga za bei ya chini hujazwa soda na salfeti ya sodiamu. Salfeti ni ya kuongeza uzito tu.

Cha tatu ni vimeng'enya. Protease kwa jasho, damu na maziwa. Amilase kwa uji na mchuzi wa unga. Lipase kwa mafuta. Vinataka maji vuguvugu ya nyuzi 30 hadi 40 na muda, dakika 30 mpaka saa moja. Hapa hatuhitaji mkaa kwa hilo: ndoo nyeusi yenye mfuniko, iweke juani saa nne asubuhi, saa saba maji yako vuguvugu. Ukitia klorini (ile tunayoiita jiki hata kama ni ya jina jingine) kwenye ndoo yenye vimeng'enya, umeviua na pesa yako imekwenda. Hariri na sufu zisiguse protease, maana nazo ni protini.

Pua Nyepesi

Mimi nasimamia harufu. "Haina manukato" na "haina harufu" si kitu kimoja. Ya pili inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu ya kemikali. Anayebanwa kifua atafute ya kwanza.

Usinuse pakiti dukani, kila pakiti inanukia. Fua kitambaa cha pamba, suuza mara mbili, anika, kunja, weka ndani ya mfuko wa kitambaa, unuse kesho yake. Harufu nyepesi ni ile unayoipata ukiweka nguo puani, na huipati ukiwa umesimama mlangoni. Zile zinazojisifu kunukia wiki nzima, mara nyingi manukato yamefungwa kwenye vidonge vidogo sana vya plastiki vinavyonasa kwenye nyuzi na kupasuka ukisugua. Ulaya mwaka 2023 walipitisha kanuni ya kupunguza plastiki ndogondogo, na vidonge hivi wakavipa muda mpaka 2029. Huku kwetu vinaingia udongoni.

Nguo ikinuka uvundo baada ya kukauka, manukato hayatibu. Ni mafuta ya mwili yaliyobaki, au utando wa sabuni uliosemwa hapo juu. Na kilainisho cha nguo kinaongeza utando mwingine: taulo inateleza mkononi lakini hainywi maji.

Karai la Nzuguni

Nyongeza fupi kwa Dobi, kuhusu ving'arisho. Sabuni nyingi za unga zina rangi isiyoonekana inayomeza mwanga wa urujuanimno na kutoa wa bluu, jicho likadhani shati ni jeupe zaidi. Haitoi uchafu, na haiozi upesi. Ukitaka kuijua, nyunyiza kidogo kwenye karatasi ya kahawia, upeleke kwa wakala wa pesa mwenye taa ya kukagulia noti. Ikiwaka bluu, imo. Mwenye kukupa taa atakucheka kidogo, vumilia.

Mama Zabibu, Hombolo

Mimi nawauliza wote: hayo maji ya kufulia mnayamwaga wapi? Maana hapa mvua ni Desemba mpaka Aprili, kisha tunakaa zaidi ya nusu mwaka tukitazamana na kiangazi. Watu wanamwagia bustani, na hapo ndipo sabuni "nzuri" inapoharibu.

Shida kubwa ni sodiamu. Udongo wa mfinyanzi ukijaa sodiamu, chembe zake zinaachana, vitundu vinaziba, juu panaganda ukoko, na maji yanasimama badala ya kuzama. Chimba kidogo ukione: juu unang'aa kama sakafu, sentimita tano chini kukavu. Sabuni ya unga ina sodiamu nyingi kwa sababu ya soda na salfeti. Ya maji kwa kawaida ina kidogo, na iliyotengenezwa kwa potasi ndiyo bora zaidi.

Mzabibu ni mwepesi kuumia kwa kloridi na boroni. Ukiona kingo za majani zinaungua kuelekea ndani, shuku chumvi. Kwa hiyo sabuni yenye boraksi isikaribie zabibu kabisa, na maji yenye klorini vivyo hivyo.

Utaratibu: maji ya kwanza ya kufulia, yale mazito, yaende mbali na bustani. Maji ya kusuuza ya pili ndiyo ya mimea. Yatumie siku hiyohiyo, yakilala yananuka. Mwaga chini ya mpapai au mgomba, juu ya matandazo, ukihamahama shina hadi shina. Usimwagie mchicha wala majani ya kunde. Maji ya nepi hayaingii bustanini hata yakisuuzwa mara ngapi.

Na yeyote anayewaambia mtie magadi au soda kwenye kila ndoo, naomba ajue kwamba anaongeza sodiamu.

Dobi wa Majengo

Mama nakuelewa, ila kuna njia ya kati. Soda ashi ya kulainisha maji ni kidogo kuliko watu wanavyotia. Ndoo ya lita 20 ya maji yetu magumu inatosheka na gramu 6 au 7, yaani kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Yeyusha kwenye kikombe, mimina, koroga, funika, acha usiku mzima. Asubuhi utaona unga mweupe umetulia chini. Chota ya juu, acha sentimita mbili za mwisho. Maji haya ni ya kufulia, si ya kusuuza, kwa hiyo bustani yako haiguswi. Watu wanatia nusu kikombe, ndipo mikono inapochubuka na kitenge kinachuja.

Tahadhari ya majina: magadi soda ya maandazi ni dhaifu kwa kazi hii. Kostiki ni kali mno na inaunguza ngozi. Unachotaka ni soda ashi, waulize wauzaji wa malighafi za sabuni.

Mpishi wa Sabuni

Wengi wananunua sabuni ya maji ya kujaziwa kwenye dumu. Ni jambo jema kwa plastiki, lakini muulize aliyeitengeneza mambo matatu: soda ashi gramu ngapi, formalini ipo au haipo, manukato kiasi gani.

Hesabu yenyewe kwa lita 20: kilo 1 ya asidi ya salfoniki (malighafi ya ile LAS) inahitaji takriban gramu 160 za soda ashi ili isiwe kali. Ikipungua, sabuni inabaki asidi na inakula mikono na uzi wa pamba. Ndoo iwe ya plastiki, glovu mkononi. Mimina asidi kwenye maji lita 12 polepole, kamwe si maji kwenye asidi. Soda iliyoyeyushwa kwenye lita 1 iingie kidogokidogo kwa sababu inafura povu. Ukiharakisha itapanda na kumwagika sakafuni. Ongeza sless (kiyeyusha mafuta kingine, chenye povu) nusu kilo. Pima kwa karatasi ya kupimia asidi, lengo ni 8 hadi 9.

Kwa maji ya hapa ongeza gramu 200 za asidi ya sitriki pamoja na soda ashi nyingine gramu 150 hadi 165 za kuituliza, uipate ile sitreti aliyoisema Dobi. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu haionekani kwenye povu wala kwenye uzito wa sabuni. Chumvi ya kuifanya iwe nzito, anza na gramu 100 na uongeze kwa kijiko. Ipo mahali inafika kilele, ukizidisha inarudi kuwa maji, na hakuna cha kuirudisha ila kuongeza sabuni.

Formalini inawekwa ili isioze. Inawasha macho na ni kitu cha kusababisha saratani, haina sababu ya kuwa kwenye shuka. Benzoeti, kihifadhi kingine, haikusaidii, inafanya kazi penye asidi tu. Suluhisho ni kutengeneza kidogo, kutumia maji yaliyochemshwa, na kuimaliza ndani ya wiki chache. Ikibadilika harufu au ikawa na nyuzinyuzi, imwage.

Manukato: mililita 20 kwa lita 20 zinatosha harufu nyepesi. Wengi wanatia 100 kwa sababu mteja ananusa dumu.

Kipimo cha kutumia ni mililita 60 kwa beseni la lita 10 la nguo za kawaida, 100 kwa ovaroli.

Kola Nyeupe

Vumbi letu jekundu lina utaratibu wake. Kung'uta nguo kavu kwanza, nje, upepo ukiwa mgongoni. Ukiliroweka vumbi bila kung'uta, umetengeneza tope na kulisukuma ndani ya uzi. Kisha maji baridi matupu dakika 10, mwaga, ndipo sabuni. Wekundu ule ni kutu ya chuma, kwa hiyo klorini haiutoi. Ukibaki na doa la rangi ya chungwa, paka asidi ya sitriki kijiko cha chai kwenye nusu kikombe cha maji, acha robo saa, suuza vizuri. Asidi na klorini visikutane kamwe, vinatoa gesi ya sumu.

Kola: paka sabuni ya maji bila kuichanganya na maji, acha dakika 15, fikicha kwa brashi laini kufuata uzi. Nyeupe zilizofubaa loweka kwenye sodiamu pakaboneti (unga wa kutakatisha usio na klorini) vijiko 2 vya mezani kwa lita 5 za maji ya nyuzi 40 hadi 60, saa moja. Inabaki soda na maji, hakuna klorini. Mama Zabibu, najua, soda ni sodiamu: hiyo haiendi bustanini.

Nguo za rangi zianikwe ndani-nje, kivulini. Jua la hapa linakausha upesi, na linapausha vilevile.

Karai la Nzuguni

Wenye mashine ya mlango wa mbele: sabuni ya kufulia kwa mkono inafura, mashine inasimama katikati au inasuuza nusu. Tumia ya povu dogo. Ukishakosea, ongeza mzunguko wa kusuuza, usiongeze sabuni.

Pua Nyepesi

Na siki? Wengine wanaitia pamoja na sabuni.

Dobi wa Majengo

Pamoja na sabuni zinauana, dada. Siki ni asidi, soda si asidi, unabaki na maji yenye chumvi. Itie kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, mililita 100 kwa lita 10. Inayeyusha chokaa na utando, taulo inalainika, na harufu ya siki inaondoka nguo ikikauka. Kwa aliye na gunzi kabatini, mara tatu mfululizo, kisha kila mwezi mara moja.