Barua pepe za ushirika: tusimamishe seva yetu kwa programu huria, au tulipie huduma ya nje?

Mleta mada, Mbeya

Ndugu zangu, ushirika wetu wa wakulima wa parachichi wilayani Rungwe una watumishi zaidi ya 40, na hadi leo kila mmoja hutumia anwani yake binafsi anapowaandikia wanunuzi na benki. Mhasibu aliyeacha kazi mwaka jana aliondoka na mawasiliano ya miaka minne, na hatuna njia ya kuyapata. Bodi imeridhia tuwe na kikoa chetu cha .or.tz, yaani jina letu linalofuata alama ya @ kwenye anwani, ila inabishana kuhusu programu. Wajumbe wawili wanataka tulipie huduma ya nje, kwa kila mtumishi na kila mwezi. Mimi natetea programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuzitumia na kuzibadilisha: Postfix ipokee na kupeleka barua, Dovecot itunze visanduku, na Roundcube itumike kusomea barua kwenye kivinjari.

Postfix iliandikwa na Wietse Venema alipokuwa IBM, ikatolewa mwaka 1998. Imegawanywa katika programu ndogondogo, kila moja ikiwa na kazi yake na ruhusa chache, hivyo mhalifu akipenya moja hajaitwaa seva nzima. Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Ufini mwaka 2002, inaweza kuhifadhi barua kwa mpangilio wa Maildir, ambamo kila barua ni faili linalojitegemea. Hilo ndilo linanigusa zaidi, kwa sababu hata tukiiacha Dovecot miaka kumi ijayo, barua zetu zitasomwa na programu nyingine bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Baada ya yale ya mhasibu, siwezi kulichukulia jambo hili kuwa dogo.

Mchangiaji, Iringa

Ndugu mleta mada, programu ulizochagua sizipingi. Ninachopinga ni imani kwamba ukishazisakinisha umemaliza kazi. Kupokea barua ni rahisi. Kazi ngumu ni kuifanya barua yako ipokelewe na wengine. Anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva kwenye intaneti, lazima iwe na rekodi ya kurudi (PTR) inayolitaja jina la seva, na rekodi hiyo huwekwa na mtoa huduma wa intaneti, si na wewe. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanamtaka kila anayewatumia barua awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) au DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua), na anayepeleka barua kwa wingi, ambako kwa Google ni takriban 5,000 au zaidi kwa siku, awe nazo zote mbili pamoja na DMARC (maelekezo ya nini kifanyike barua ikishindwa vipimo hivyo).

Katika taasisi ninayoihudumia, mtumishi mmoja aliweka nenosiri jepesi, likakisiwa usiku, na hadi asubuhi seva yetu ilikuwa imetuma maelfu ya barua taka. Tuliingizwa kwenye orodha za kuzuiwa, na kwa siku 11 barua za kweli ziliangukia kwenye barua taka za wapokeaji. Postfix ilikuwa salama kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweka kikomo cha barua kwa kila mtumishi, wala aliyekuwa akiitazama foleni ya barua zinazosubiri kutumwa. Ongeza radi za masika na umeme unaokatika, kisha uniambie nani ataamka saa nane usiku.

Mchangiaji, Njombe

Mbona hakuna anayeitaja Zimbra, inayounganisha barua, kalenda na anwani katika mfumo mmoja? Mameneja wanataka kalenda ya pamoja na orodha moja ya anwani, na hawatakubali kisanduku cha barua peke yake.

Mleta mada, Mbeya

Nianze na Njombe. Zimbra ilitufaa wengi, lakini kuanzia toleo la 9 la mwaka 2020 watengenezaji waliacha kutoa toleo huria lililo tayari kusakinishwa, na msaada wa toleo la 8.8.15 ulikoma mwishoni mwa 2023. Kwa kalenda kuna SOGo, ambayo pia ni huria na inakaa vizuri juu ya Dovecot. Kifurushi cha Mailcow kinakuja na SOGo pamoja na vingine vyote ndani ya Docker, mfumo unaofungasha kila programu peke yake, ila kinadai kumbukumbu (RAM) isiyopungua gigabaiti 6.

Kaka wa Iringa, umenishinda katika jambo moja: seva haitakaa ofisini Tukuyu. Tutakodi nafasi katika kituo cha data Dar es Salaam, penye umeme wa uhakika na IP safi, isiyo kwenye orodha za kuzuiwa. Lakini nashikilia ibaki nchini. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, tuliona jinsi huduma zinazoendeshwa nje ya nchi zilivyoyumba, wakati barua kutoka Tukuyu kwenda Dar es Salaam haina haja ya kuvuka bahari. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, nasi tunatunza namba za simu na akaunti za wakulima.

Kuhusu wa kuamka saa nane usiku, umesema kweli, na fundi mmoja hatoshi kwa sababu naye huugua na huhama. Kwa hiyo kikao kijacho nitaomba kwanza mishahara ya mafundi wawili, kisha ndipo nitaje seva. Bodi ikiikataa mishahara hiyo, kura yangu nitawapa wale wajumbe wawili.