Barabara ya mchepuo Uyole hadi Songwe: je, mjadala wetu umegusa kiini?

Mkazi wa Iyunga aliuliza:

Ndugu zangu wana Mbeya na wote mnaoifahamu barabara ya TANZAM, yaani barabara kuu iendayo Zambia, naomba tujadiliane kwa utulivu kuhusu barabara ya mchepuo inayopangwa kutoka Uyole hadi Songwe, yenye urefu wa karibu kilomita 49, ambayo inakusudiwa kuyaondoa malori ya Zambia na Kongo katikati ya jiji letu. Kila msimu wa uchaguzi unapowadia jambo hili hupanda majukwaani, na kila mgombea hulisemea kwa namna itakayowapendeza waliokusanyika mbele yake: wa Mwanjelwa huambiwa kwamba foleni itakwisha, wa Mbalizi huambiwa kwamba biashara haitaguswa, na wenye mashamba huambiwa kwamba fidia iko njiani. Ahadi hizo tatu sijawahi kuzisikia zikielezwa pamoja na mtu mmoja katika mkutano mmoja.

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ulikwisha kuingia mkataba, mchepuo hauna haja tena. Wengine wanaona kwamba mchepuo ndio ungetangulia. Mimi ninachokiona kila jioni pale Mafiati ni lori la mafuta lenye tela, basi la abiria kutoka Dar es Salaam, bajaji zinazopenya kushoto na kulia, na mtoto wa shule aliyeshika mkoba akisubiri nafasi ya kuvuka, vyote vikigombea lami ileile.

Maswali yangu ni haya: je, tunahitaji vyote viwili? Nani hasa mwenye kauli ya mwisho? Na sisi wananchi tudai nini sasa, kabla mitambo haijafika?

Dereva mstaafu, Tunduma:

Nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza tu. Vyote viwili vinahitajika, kwa sababu havitibu ugonjwa mmoja. Njia nne zitamsaidia mwenye gari dogo kulipita lori, lakini hazitaupunguza mteremko wa Iwambi, wala hazitamsaidia dereva aliyebeba shehena nzito akagundua katikati ya mteremko kwamba breki hazishiki. Lori la namna hiyo halipaswi kabisa kushuka kuelekea mahali penye maduka, vituo vya daladala na watu waliopanga nyanya pembezoni mwa lami.

Tukumbuke pia Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mafuta yanayokwenda Zambia na Kongo kwa malori yanapita Mwanjelwa na Mafiati. Jambo hilo peke yake lingetosha kuufanya mchepuo kuwa suala la usalama kabla ya kuwa suala la foleni.

Nina sharti moja. Dereva anahitaji chakula, mahali pa kulala, fundi, duka la vipuri na uwanja wenye ulinzi. Mchepuo ukijengwa bila hivyo, malori yataendelea kuingia mjini, na yale yatakayobaki huko nje yataegeshwa pembeni usiku bila taa, na tutahesabu ajali za aina nyingine.

Mfanyabiashara wa Mbalizi:

Shikamoo mzee wangu wa Tunduma. Hoja yako ya usalama naipokea kwa moyo wote, maana nimeshuhudia watu wakiokotwa barabarani hapa kwetu. Hata hivyo naomba niseme linalotuumiza sisi ambao hatuna shamba kwenye njia inayopimwa.

Nimejitahidi kuusoma utaratibu wa fidia. Mwenye ardhi inayotwaliwa hulipwa thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36 na, kama alikuwa na biashara juu ya ardhi hiyo, faida aliyoipoteza, nayo kwa miezi 36. Yote hayo yanahusu ardhi iliyochukuliwa. Mama lishe wa Mbalizi ambaye kibanda chake hakitaguswa, lakini madereva wake wote wamehamishiwa mbali, hamo katika hesabu hiyo hata kwa shilingi moja. Wenye nyumba za wageni, mafundi wa matairi, vijana wanaopakia na kushusha, wote wamo katika kundi hilo.

Sisemi mchepuo usijengwe. Ninachosema ni kwamba anayekuja kutuambia kuwa biashara haitaguswa hatutendei haki, kwa sababu akisema ukweli mapema tungejipanga. Huo uwanja wa malori anaoutaja mzee, vibanda vyake wapewe nani kwanza? Hilo ndilo ningependa waheshimiwa madiwani waliweke kwenye maandishi.

Mpangamiji, Dodoma:

Nianze na swali la nani mwenye kauli, kwa kuwa hapo ndipo lawama nyingi hupotelea. Barabara kuu ni ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi, na fedha zake hupitia bajeti ya Serikali Kuu na mikopo ya nje. Mbunge na diwani hawachori njia. Wanachoweza ni kuisukuma ipewe kipaumbele, na mahali rasmi pa kufanyia hivyo mkoani ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambamo wabunge na viongozi wa halmashauri huketi pamoja na wahandisi. Ushirikishwaji wa wananchi, kwa upande wake, ni sehemu ya tathmini ya athari kwa mazingira inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na maoni yanayotolewa wakati huo yana uzito kuliko kelele zitakazopigwa baadaye mbele ya greda.

Sasa nije kwenye kiini, ambacho naona hakijaguswa. Mnabishania mchepuo ujengwe au usijengwe, lakini hakuna aliyeuliza ardhi ya kandokando itakuwa mikononi mwa nani. Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam ilijengwa ili malori ya bandarini yaifikie Barabara ya Morogoro bila kupita katikati ya mji. Leo Buguruni, Tabata na Ubungo ndio mji wenyewe, na foleni iliyokimbiwa imewahi kufika huko kabla ya malori. Nairobi ilichora njia za mchepuo tangu miaka ya 1970, hifadhi zake, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, zikavamiwa na nyingine kugawiwa, na mwanzoni mwa 2004 Wizara ya Barabara, ikiwa chini ya Raila Odinga, ikaanza kubomoa nyumba za watu ambao baadhi yao walikuwa na hati mikononi. Na hapa kwetu Tanzania, kwenye Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017, nyumba za miaka mingi zilivunjwa bila fidia kwa hoja kwamba zimo ndani ya hifadhi ya meta 121.5 kutoka katikati ya barabara. Mabishano ya kisheria juu ya hifadhi ile yalikuwa ya zamani, na Serikali ilikuwa na muda mrefu wa kuyamaliza kabla ya familia hizo kutolewa vitu nje.

Mbeya bado ina nafasi ya kuepuka hayo, kwa sharti kwamba njia itangazwe rasmi, mawe ya mipaka yasimikwe, watu walipwe, na halmashauri zote mbili, ya Jiji na ya Wilaya ya Mbeya, zipange matumizi ya ardhi ya pande zote kabla viwanja havijaanza kuuzwa kwa kipande. Kuhusu wafanyabiashara wa Mbalizi, mpango huohuo ndio mahali pa kuandika eneo la malori na haki ya kwanza ya vibanda. Dada yangu wa Mbalizi amelisema vizuri kuliko nyaraka nyingi nilizozisoma.

Mkazi wa Iyunga:

Nashukuru sana, mwalimu. Naomba unifafanulie mambo mawili. Watu hapa wanaogopa alama za X zinazopakwa kwenye kuta za nyumba zinazotakiwa kubomolewa, na hawajui tofauti zake. Pia wapo wanaosema kwamba, ukikwisha kuthaminiwa, huruhusiwi hata kuziba paa linalovuja, nao wanaweza kukaa hivyo miaka mingi.

Mpangamiji, Dodoma:

Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande wa mstari wa katikati. Aliyekutwa ndani ya eneo lililoongezeka hupewa X ya kijani na anastahili fidia, ilhali X nyekundu huwekwa kwa aliyeingia hifadhi iliyokuwapo tayari, naye huondoka bila malipo. Kwa hiyo mtu asikubali alama bila kuuliza umbali umepimwa kutoka wapi.

Kuhusu uthamini, Sheria ya Uthamini ya 2016 inaupa uhai wa miaka 2. Ukipita muda huo bila malipo, uthamini hurudiwa kwa bei mpya, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 riba inadaiwa. Kila aliyethaminiwa ahakikishe ana nakala ya fomu yenye jina lake, idadi ya miti na mazao yake, na tarehe ambayo Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha taarifa, kwa sababu miaka 2 huhesabiwa kuanzia hapo.

Mfanyabiashara wa Mbalizi:

Basi mimi na wenzangu tutaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani na kwa katibu wa Bodi ya Barabara, tukiomba eneo la malori liwekwe kwenye mchoro na orodha ya wafanyabiashara waliopo sasa iambatishwe. Mzee wa Tunduma, tutakuomba utuorodheshee mahitaji ya madereva, ili barua isiwe ya wauza chakula peke yao.